Naomba ushauri: kanisani sikosi, lakini Jumatatu hadi Jumamosi mimi na Mungu kama hatufahamiani

Mpangaji wa Nkuhungu
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zangu Wakatoliki. Naomba ushauri kwa wanaolijua jambo hili. Ibada nahudhuria, jumuiya nipo, sadaka natoa. Nikipiga magoti nyumbani, dakika tatu nimemaliza na maneno ni yale yale: nilinde, nibariki, asante, amina. Biblia kila nikianza Mwanzo nakwama Walawi. Natoka saa 12 asubuhi kuwahi gari la kwenda kazini Mtumba, hapa Dodoma, narudi jioni nimechoka. Nina watoto wawili, chumba na sebule, na majirani ukuta kwa ukuta. Msiniambie "omba sana ndugu". Nielekezeni cha kufanya, kwa saa na dakika.

Mwl. Chilonwa
Ameni, karibu. Umeuliza vizuri kwa sababu umetaja ratiba, na tatizo la watu wengi liko kwenye ratiba kabla halijafika rohoni.

Anza na dakika 15. Saa moja usiiguse kwa sasa. Wanaoanza na saa nzima huwa na moto Jumatatu, Alhamisi wanasinzia wakiwa wamepiga magoti, Jumapili wanajiona wamemwangusha Mungu, wiki ya pili wameacha. Kama unatoka saa 12, kaa chini saa 11:15, na hiyo maana yake saa 4 usiku uwe kitandani. Ibada ya asubuhi huamuliwa usiku. Anayemaliza mpira saa 6 usiku asitafute mchawi wa kumlaza alfajiri.

Zigawe hivi: dakika mbili za kutulia bila kusema kitu, sita za kusoma, tano za kumjibu Mungu kutokana na ulichosoma, mbili za kuandika. Utaona maombi yamekuja baada ya kusoma. Wewe unaishiwa maneno kwa sababu unaanza mazungumzo peke yako kila siku. Mwache Mungu aseme kwanza, utapata cha kujibu.

Mwanzo weka pembeni, anza Injili ya Marko. Ina sura 16, ndiyo fupi kuliko zote nne. Wala usisome sura nzima kwa siku. Sura ya kwanza inakatika vipande saba: mstari 1–8, 9–13, 14–20, 21–28, 29–34, 35–39, 40–45. Kipande kimoja kwa siku, wiki imeisha. Sura ya pili ina vinne: 1–12, 13–17, 18–22, 23–28. Soma mara mbili, ya pili kwa midomo, polepole. Kisha maswali matatu: Yesu hapa yukoje? Neno gani limenigusa au limeniudhi? Leo nifanye nini kwa ajili yake? Usiruke hilo la kuudhi. Andiko linalokukera mara nyingi limekanyaga mahali penye kidonda.

Chukua Marko 1:40–45. Mwenye ukoma anapiga magoti, anasema, "Ukitaka, waweza kunitakasa." Yesu ananyosha mkono, anamgusa. Angalia mpangilio: alimgusa kabla hajapona. Sasa ombi lako linatoka hapo hapo: "Bwana, wewe humwogopi mtu aliyeogopwa na wote. Kuna jambo hili ambalo hata kulitaja mbele zako naona aibu. Ukitaka, waweza." Ulitaje kwa jina lake. Kwenye daftari andika tarehe, mstari mmoja uliokushika na jambo moja la kufanya leo, mistari mitatu tu. Mahubiri waachie wahubiri.

Mama Zabibu
Mwalimu amesema vyema, ila hajawahi kuishi nyumba ya wapangaji sita huyo 😄

Mdogo wangu, kwenye Mathayo 6:6 Yesu anasema uingie chumba cha ndani ufunge mlango. Ukiwa na chumba na sebule, mlango ni saa. Saa 11:15 watoto wamelala na redio ya jirani bado haijawashwa. Kaa sebuleni au toa kigoda uani. Omba kwa sauti ya chini kiasi cha wewe kujisikia. Kimya kabisa usingizi unakuchukua, na sauti kubwa inaamsha nyumba nzima mpaka ukose amani na mke wako.

Simu ilale mbali na mkono. Usiposoma kwenye Biblia ya karatasi, utafungua Marko na kukutana na ujumbe wa kikundi cha harusi. Na "neno la siku" kwenye stetasi za watu lisikudanganye kwamba umeshasoma. Huo ni mstari alioutafuna mtu mwingine.

Watoto wape dakika tano zao jioni: kisa kimoja cha Biblia, kila mtoto ataje jambo moja la kushukuru, wimbo mmoja, basi. Lakini muda huo usiuhesabu kuwa wako na Mungu, maana pale wewe ni mpishi, hujala.

Mkesha wa Chang'ombe
Hizo dakika 15 ni za watoto wachanga. Adui hatoki kwa dakika 15. Funga siku tatu kavu, bila chakula wala maji, umalizie na mkesha wa Ijumaa. Utamwona Mungu.

Mzee wa Kongwa
Mkesha, kijana wangu, pole pole. Mtu hajaomba vizuri wiki moja, unamkausha siku tatu? Hewa ya Dodoma ilivyo kavu, na mtu yuko kazini Mtumba, siku ya pili kichwa kitamuuma mpaka asikumbuke anaomba nini. Mifungo ya namna hiyo imo kwenye Biblia, Esta 4:16 ni mmojawapo, lakini ilikuwa ya taifa zima lililokabiliwa na kifo. Si ya kuanzia darasa.

Mleta uzi, kufunga kuna nafasi yake, ukishamaliza mwezi mmoja wa ratiba hii. Chagua siku moja ya wiki. Kula kawaida saa 2 usiku, ruka chai ya asubuhi na chakula cha mchana, kunywa maji, fungua saa 12 jioni. Fungua kwa uji mwepesi au tunda, chakula kizito baada ya nusu saa. Ukibugia ugali na nyama choma papo hapo, tumbo litakufundisha. Ile nusu saa ya chakula cha mchana uitumie kuomba, vinginevyo umeshinda njaa tu. Hela ya chakula ulichoacha usiiweke mfukoni. Soma Isaya 58:7: mkate wa kufunga ni wa mwenye njaa. Mwenye vidonda vya tumbo, kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, au anayetumia dawa za kumezwa na chakula, asifunge chakula. Afunge simu jioni, afunge soda, afunge maneno.

Mkesha nao si mbaya. Ubaya ni kukesha Ijumaa hadi alfajiri, halafu wiki nzima hakuna hata Baba Yetu.

Katekista_Bahi
Tumsifu Yesu Kristo. Niongeze upande wetu, na asiye Mkatoliki achukue linalomfaa.

Siku yenye sala asubuhi tu huwa inavuja kufika mchana. Zaburi 55:17 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri, na Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku. Sisi tuna sala ya Malaika wa Bwana: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, na ndani yake Salamu Maria tatu. Kipindi cha Pasaka tunasali Malkia wa Mbingu badala yake. Haizidi dakika tatu. Asiyesali hiyo aseme Baba Yetu taratibu saa 6 mchana, hata akiwa kwenye foleni ya chakula. Faida yake ni kwamba inakukatiza. Ulikuwa umeanza kumsema mwenzako ofisini, saa 6 inakurudisha.

Usiku kabla ya kulala kuna kuchunguza dhamiri kwa namna aliyofundisha Mtakatifu Ignatius wa Loyola. Hatua ni tano na dakika kumi zinatosha: shukuru kwa mambo mahususi ya leo, omba mwanga, pitia siku kuanzia ulipoamka, omba msamaha, tazama kesho. Kosa la wengi liko hatua ya tatu. Wanasema "nimekosa kwa mawazo na maneno" kwa jumla jumla. Nenda saa kwa saa: kwenye daladala kondakta aliponizidishia chenji nilifanya nini? Kwenye kikao nilimkata nani maneno? Mtoto aliponiita nikiwa na simu nilimjibuje? Dhambi isiyotajwa haitubiwi. Ukiona ile ile inajirudia wiki tatu, ipeleke kwenye kitubio, usiibembeleze.

Mpangaji wa Nkuhungu
Mbarikiwe sana, hiki ndicho nilichokuwa nataka. Nina maswali mawili. Moja, nikitulia zile dakika mbili mawazo yanakwenda kodi ya nyumba, bosi, mpira. Mbili, nikimaliza sihisi kitu. Wenzangu wanasema Mungu amesema nao, mimi ukuta. Nitajuaje?

Mwl. Chilonwa
La kwanza ni jepesi. Usipigane na wazo. Weka karatasi pembeni, andika neno moja: kodi. Rudi kwenye mstari uliokuwa unasoma. Likija la bosi, andika: bosi. Ukifika zile dakika tano za kuomba, karatasi hiyo hiyo ndiyo orodha yako, kwa sababu kumbe hayo ndiyo yaliyoujaza moyo. Wafilipi 4:6 haikuchagua, imesema "katika kila neno". Mtu anayeombea amani ya mataifa huku tumbo linamkata kwa ajili ya kodi, hajaanza kuongea na Mungu bado.

Mzee wa Kongwa
La pili nalijibu mimi. Ukavu una vyanzo vitatu, na dawa zake hazifanani, ndiyo maana "omba zaidi" huwaumiza wengi.

Kwanza uchovu. Soma 1 Wafalme 19. Eliya anataka kufa, na malaika hamhubirii. Anampa mkate na maji, analala, anapewa tena. Sauti ile ndogo, ya utulivu, ilikuja baada ya hapo. Jipime: kama una usiku kadhaa wa kupata usingizi wa saa tano tu, lala kwanza.

Pili, jambo lililofungwa. Mathayo 5:23–24: acha sadaka yako mbele ya madhabahu, kapatane kwanza na ndugu yako. Kuna deni la mangi wa duka unalopitia njia ya nyuma ili asikuone? Kuna ndugu hampokeani simu tangu msiba ule? Hapo hata ukisoma Biblia nzima utaona karatasi. Lipa hata kwa mafungu, piga simu hata kama hatapokea. Wale wa uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, waliita jambo hili kutembea nuruni, wakaungama wazi na kurudisha vya watu. Ila yanayomhusu mtu mwingine usiyaanike hadharani kwa kisingizio cha toba.

Tatu, ni majira tu. Umelala, huna deni, na bado kimya. Hapo omba zaburi za maombolezo kama zilivyo. Zaburi 13 ina mistari sita: miwili ya kulalamika, miwili ya kuomba, miwili ya kutumaini. Fuata njia hiyo kwa maneno yako. Ikishindikana kufika ile miwili ya mwisho, ipo Zaburi 88, inayoishia gizani na bado imeandikwa kama sala. Usibadilishe ratiba wakati wa ukavu. Wanaohama kanisa, kuhama mhubiri na kuhama kitabu kila wakikosa hisia hawafahamu walikuwa na ugonjwa gani.

Kuhusu "Mungu amesema nami": lipime wazo. Linapatana na Injili unayoisoma? Ukimwambia mkeo na mtu mmoja mkomavu wa kanisani wanaliona hivyo? Ukisubiri wiki mbili linabaki au linayeyuka? Na yeyote anayekuuzia ujumbe kutoka kwa Mungu kwa bei maalumu, mwachie na chenji.

Dada wa Kwaya
Mbukwenyi (nawasalimu kwa Kigogo)! Mmesahau wimbo, na hapa Ugogo! Chukua mistari miwili ya zaburi, itie tuni unayoijua, imba njiani. Wiki moja umeishika bila kukariri kishule. Anza na Zaburi 103:1–2. Na kama Kigogo ndiyo lugha uliyoililia utotoni, omba kwa Kigogo. Watu wanaomba Kiswahili cha mimbarini mpaka wanajisahau wao ni nani. Mulungu anasikia.

Kwa Waanglikana, mgawanyo wa Zaburi katika Kitabu cha Sala unamaliza zote 150 kwa siku 30. Tarehe 1 asubuhi ni 1–5, jioni 6–8, na Zaburi 119 imekatwa kuanzia jioni ya tarehe 24 hadi jioni ya 26. Kwa anayeanza ni nyingi. Tazama tarehe ya leo, chukua zaburi ya kwanza tu ya jioni hiyo.

Mpangaji wa Nkuhungu
Nimeelewa. La mwisho: nikikosa siku, nisome vipande viwili kesho yake?

Mwl. Chilonwa
Hapana. Ukifidia, wiki ya tatu utakuwa na deni la vipande tisa na utaacha. Endelea na kipande ulichofikia, ukose siku moja au tano. Usiandike "nimekosa" kwenye daftari. Andika tarehe ya leo.

Mama Zabibu
Na kwa kuwa simu inalala mbali, nunua saa ya mezani pale Sabasaba. Ijaribu mlio kabla hujalipa, mdogo wangu. Zipo zinazowika kama jogoo, na hiyo utawaamsha watoto na wapangaji wote sita.

Mkesha wa Chang'ombe
Sawa wazee, nimewasikia. Hiyo Marko 1 nami nakata vipande. Ila mkesha wa Ijumaa siachi.

Mzee wa Kongwa
Usiache. Jumamosi lala.