Mjadala: Vijana wa pikapu watengewe uwanja wa resi, au kwanza tukague chini ya hizo gari?

Mleta mada:

Assalaam aleikum jamaa. Maneno yamekuwa mengi hapa Zanzibar juu ya hizi pikapu za Hilux zilizofunguliwa nguvu. Wenyewe wanasema serikali iwape sehemu ya kushindana, mita 402 zile za robo maili, ndo wataacha kufukuzana usiku kwenye barabara za watu. Wengine wanasema wakamatwe tu, habari ishe. Mie nna la tatu. Kabla ya uwanja tuulize hizo gari chini kukoje, maana kila mtu ni injini, rimapu (kuibadili kompyuta ya injini itoe nguvu zaidi), tabo kubwa, moshi, lakini klachi, propela (shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma), difu (meno ya katikati ya ekseli) na hafu shafti (chuma cha toka difu mpaka kwenye tairi) hakuna anaezitaja, na ndizo zinazokatika.

Hesabu yake ndogo tu. Hilux ya 2.8 ilivotoka 2015, ya giya za mkono ilipewa nyutonimita 420, yaani kipimo cha nguvu ya kuzungusha, na otomatiki 450. Mwaka 2020 Toyota wakaipandisha otomatiki mpaka 500, ya giya za mkono wakaiacha pale pale 420, na injini ni ile ile. Mie naisoma hivi, wenye gari yao wanajua upande ule haufai kuongezewa. Sasa chukua hizo 420, tuseme giya namba moja izidishe mara nne, difu nayo izidishe mara nne tena, nyuma kunafika kama 6,700, hapo hujaongeza kitu na hujairusha klachi, yaani kuiachia mguu ghafla, maana ukiirusha, flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, iliyokuwa inazunguka inatua na uzito wake wote juu ya hiyo hesabu. Halafu mtu anakwenda kuongeza nguvu kwenye kompyuta na chini hajagusa hata nati.

Na linalonikera zaidi hili hapa. Kwetu pikapu haina kazi moja. Usiku inashindana, asubuhi imebeba saruji au imebeba watu wanakwenda harusini shamba. Hafu shafti haikatiki siku zote pale pale ilipoumizwa, inaanza na ufa mdogo, inatembea nao, inakuja kumalizikia siku nyengine na mzigo nyuma. Kwa hiyo hata wewe usiejua resi ni nini, hili linakuhusu.

Hilux nyeusi, Amani:

Mleta mada unazunguka sana. Mkipeleka kila kitu kwenye ukaguzi ndo uwanja haupatikani tena milele. Marekani walikuwa na tatizo hili hili, vijana wanashindana barabarani watu wanakufa, mwaka 1950 wakaanza kutumia kiwanja cha ndege kule Santa Ana, California, na 1951 ikaundwa NHRA, chama chao cha resi hizi, ya kusimamia, Wally Parks ndo alieianzisha, kazi yake kuwatoa watu barabarani kuwapeleka sehemu yenye taa na msimamizi. Mbona resi za ngalawa zina siku yake na waamuzi wake na watu wanapiga vigelegele? Sie ndo wahuni?

Na hiyo ya kuvunjika, mtu akivunja difu yake kavunja yake. Hajamuomba mtu hela ya spea.

Fundi Difu, Mwanakwerekwe:

Hapo mwisho umeteleza kijana wangu. Si lazima ivunjike iwe yako peke yako. Kwenye Hilux nyingi hafu shafti ya nyuma ndo hiyo hiyo iliyobeba tairi, ikikatika nje ya beringi, tairi linatoka pamoja na dramu yake linakwenda linakotaka. Land Cruiser ile ya 79 nyuma ni mambo mengine, pale gurudumu limekaa kwenye habu yake, shafti ikikatika gari inasimama tu na tairi lipo. Sasa tairi la Hilux likichomoka spidi mia na ishirini unadhani litauliza nani katoa hela ya spea?

Nyinyi vijana nawapenda, kazi mnanipa, lakini hamsikii. Ntawaeleza kinachotokea maana naziona zikija zimeburuzwa. Pikapu tupu nyuma ni nyepesi, ukiirusha tairi linateleza, na kule kuteleza ndo kunakuokoa, nguvu inapotea kwenye lami haifiki kwenye chuma. Tairi ndo fyuzi yako. Sasa nyie hamtaki lizunguke bure, mnaweka viroba vya mchanga nyuma, mnaweka tairi pana, mnapunguza upepo, tairi limeshika. Hongera, fyuzi umeiondoa. Mwengine klachi ikateleza, akaagiza klachi ile ngumu ya kopa (shaba) isioteleza kabisa, nayo ilikuwa fyuzi, kaiondoa. Basi mzigo unahamia kwenye chuma kinachofuata, kama si giaboksi ni krosi za propela (viungo vyake), kama si krosi ni kraun na pinion (meno ya ndani ya difu), kama si hizo hafu shafti.

Kibaya kuliko vyote ni kule kurukaruka kwa tairi. Nyuma kuna springi za majani, ukiikamua difu inataka kujipindua, majani yanajikunja yanarudi, tairi linashika linaachia linashika linaachia, ukikaa ndani unasikia gari inapiga du du du. Kila du ni nyundo kwenye meno ya difu. Anaejua huachia mafuta pale pale. Asiejua anakaza mguu, anaona ndo mwanamme. Zile fimbo za kuzuia difu isijipindue zipo lakini hazina moshi wala mlio, nani atazinunua.

Mama wa Bweleo:

Mimi sijui hayo madifu yenu ila najua kulala. Mnapozungumza uwanja mnazungumza ardhi ya nani? Kisiwa hiki kila kipande kina mwenyewe, kina mkarafuu, kina muhogo, kina kaburi la babu yake mtu. Mkitengewa pale si mtakuja na jenereta, na muziki, na watoto wetu wa skuli watakuja kukaa pembeni kuangalia, na huyo fundi keshasema tairi linachomoka. Asante baba umenisaidia hoja yangu. Mwenye hamu ya kukimbia akate tiketi ya boti aende bara.

Mtu wa Chake:

Haya bwana, nyie wa Unguja mnagombania mita 402, huku Pemba tafuta barabara imenyooka mita mia mbili haina mlima wala kona uje unambie. Sie mchezo wetu wa ng'ombe unatutosha, ng'ombe hana difu.

Ila nna swali la kweli. Kuna pikapu ya Marekani, GMC Syclone ya 1991, ilitoka kiwandani na tabo, inavuta tairi zote nne muda wote, otomatiki ya giya nne, jarida la Car and Driver likaishindanisha na Ferrari 348, robo maili pikapu ikashinda. Ile mbona haikuwa na kesi hizi? Kwa nini musitumie fo wili tu, mzigo ukagawiwa mbele na nyuma?

Fundi Difu, Mwanakwerekwe:

Swali zuri shekhe. Ile iliundwa hivyo, katikati ina chombo cha kugawa nguvu mbele na nyuma bila kung'ang'aniana. Fo wili ya Hilux ni ya matope na mchanga, ukiikaza mbele na nyuma zimefungwa pamoja, kwenye lami kavu hakuna pa kupumulia, ukikata kona kidogo tu vyuma vinapigana wenyewe kwa wenyewe, na zile sivijointi za mbele, viungo vya kuzungushia tairi za mbele, ni ndogo na pikapu ikiinuliwa zinakaa kwa pembe mbaya. Otomatiki nayo ni kweli inasaidia, konveta, iliyo badala ya klachi, inateleza kwa mafuta, ule mshindo wa klachi haupo, ila joto lake utalipika mwenyewe, mafuta yakishanusa kuungua ujue.

Na hamkusema jengine, hiyo Syclone haikuruhusiwa kubeba hata kilo 230. Pikapu hiyo! Wenyewe walichagua, resi au mzigo. Huku kwetu tunataka vyote.

Mleta mada:

Umenimalizia fundi. Hapo ndo hoja yangu ilipo. Mama wa Bweleo nakuelewa na sikupingi kwenye ardhi, lakini kusema waende bara haimzuii yule atakaekupita mlangoni leo usiku. Na wewe wa Hilux nyeusi, hao hao NHRA unaowataja hawamfungulii mtu geti hivihivi, gari ikifika kasi fulani lazima iwe na kitanzi cha chuma kinachoshika propela, kwa sababu propela ikikatika mbele inashuka chini, inachoma lami na gari inaweza kupinduka. Umechukua nusu ya hadithi, uwanja umeuona, ukaguzi hukuuona.

Nakwambia zaidi. Uwanja mzuri utavunja hafu shafti nyingi kuliko barabara. Lami safi isiokuwa na mchanga, tairi limeshika vizuri, fyuzi ya fundi haipo. Anaefikiri tukipata uwanja mambo yatapungua, chini ya gari hayatapungua, yatazidi. Tofauti ni kwamba pale panakuwa na ukuta, na mtoto hayupo pembeni. Kwa hiyo mie uwanja sikatai, nakataa uwanja usiokuwa na mtu wa kulala chini ya gari kwanza na kusema hii leo haikimbii.

Hilux nyeusi, Amani:

Na huyo mtu wa kulala chini ataona nini? Ufa hauonekani kwa tochi. Atachukua chake atagonga muhuri, tunazijua kaguzi za huku.

Fundi Difu, Mwanakwerekwe:

Kwa tochi hauonekani kweli. Kuna dawa nyekundu ya kupaka, unafuta, unapulizia nyeupe juu yake, ufa unajichora wenyewe. Lakini kuna cha bure kabisa. Shafti ikiwa mpya piga mstari wa rangi mmoja ulionyooka toka kwenye flenji, ule ubapa unaofungiwa tairi, mpaka kwenye meno ya ndani. Ukija kuichomoa baada ya resi, mstari ukiwa umejisokota, chuma kimeshajikunja na hakijarudi, hiyo usiirudishe hata kama haina ufa. Na nati ya kumwagia mafuta ya difu ikiwa na sumaku iangalie, unga laini wa kijivu ni kawaida, ukikuta vipande vya kushikika kwa kidole meno yanaliwa.

Hakuna muhuri hapo. Mstari umenyooka au haukunyooka, hata Mama wa Bweleo ataona.

Hilux nyeusi, Amani:

Fundi kuichomoa hafu shafti ya Hilux ni kufungua dramu, kufungua paipu ya breki, kutoa hewa upya. Kila resi? Nani atanilipia? Mie kitanzi cha propela nakubali, naweka hata wiki hii, na viroba vya mchanga naviacha. Shafti labda kila miezi kadhaa.

Fundi Difu, Mwanakwerekwe:

Lete gari tuanze na huo mstari, hiyo ya miezi tutagombana nayo gereji.

Mama wa Bweleo:

Gombaneni huko huko. Ardhi bado sikutoa.