Linux ije na famweya za siri za kampuni, au ibaki safi?

FundiArua: Jamani nauliza. Hizi laptopu za mtumba, ukiweka Linux kila kitu kinaamka ila waifai, sasa bila waifai, draiva yake, ile programu ya kuiendesha, utaishushaje? Debian, wale wenye aina moja ya Linux, walipiga kura 2022 wakakubali famweya za kampuni, zile programu za ndani ya chipu ambazo huruhusiwi kuona zimeandikwaje, ziingie kwenye flashi ya kuinstolia, na Debian 12 ya 2023 ikatoka nazo. Wamefanya vyema au wameuza msimamo?

MsafiWaLinux: Wameuza. Kampuni ikishaona mnapokea tu hivyo hivyo, itafungua draiva zake kwa sababu gani? Shida yetu Uganda tunapenda vya haraka. Angalia watu wa Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji Kampala, Windows ya wizi, Photoshop ya wizi, halafu eti mafundi.

PlotaNasser: We ssebo, Nasser Road imeingiaje hapa?? Mabango yenu ya harusi na ya kampeni anachapa nani? Mashine yangu ya mabango ilikuja na programu ya Windows peke yake, hiyo Linux yako niiweke niangalie ukutani?

NyaboMbale: Tulieni basi. Fundi, kama chipu ni ya Intel, Debian 12 kwa kawaida inaiamsha yenyewe. Kazi iko kwa Broadcom za zamani, kampuni haijaruhusu famweya yake igawanywe kwa hiyo hata hiyo kura haikuigusa, bado inaomba intaneti. Chomeka simu kwa waya, washa kushea data kwa USB, shushia hapo.

MsafiWaLinux: Mimi sikusema watu ni wezi, nimesema Windows ni ya wizi. Imekuuma?

PlotaNasser: Imeniuma ndiyo, nasomeshea watoto hiyo kazi. Na hiyo simu unayonitukania, famweya ya modemu yake umeisoma ukaimaliza?

MsafiWaLinux: Simu si kompyuta.

MzeeJinja: 😂😂 Simu si kompyuta! Mwanangu, Android chini yake ni Linux tangu 2008. Na kampuni hazifunguki kwa kura, Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, 2012 aliwanyoshea Nvidia, wale wa chipu za picha, kidole cha tusi kule Finland kamera zikiwaka, 2022 ndo wakafungua kipande cha draiva.

PlotaNasser: Kwa hiyo ni matusi miaka kumi?

MzeeJinja: Matusi na wateja wakubwa wa seva. Sisi wa laptopu moja moja nani anatusikia. Na Windows 10 imekatiwa masasisho ya kawaida Oktoba 2025, ile 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, hayo mashine yenu ya zamani yatakuja Linux tu mtake msitake.

PlotaNasser: Yangu haiendi intaneti, haijui hata ni mwaka gani.

NyaboMbale: Kaka wa Nasser, bango la mita tatu kwa mbili siku hizi shilingi ngapi?

PlotaNasser: Njoo inboksi nyabo, wewe nakupunguzia. Huyo Msafi nikimwona dukani bei inapanda.