Wale askari wawili walitii amri, sasa mbona mahakama iliwafukuza jeshini?

mlinda_lango:
Wakuu habarini. Nimerudia kuangalia A Few Good Men ya 1992, ile ya Tom Cruise na Jack Nicholson, na kila nikiiangalia hukumu ya mwisho inanikera. Kwa ambao hamjaiona, kambi ni Guantanamo kule Cuba. Kuna praiveti anaitwa Santiago, mnyonge, kukimbia hawezi, mazoezi yanamshinda, akaanza kuandika barua za kuomba uhamisho kwa watu wa nje ya kikosi, yaani kawaruka wakubwa wake wote, na ndani ya barua anaahidi kumtaja aliyefyatua risasi kuvuka uzio upande wa Wacuba. Usiku wanaingia wenzake wawili, lansi koplo Dawson na praiveti Downey, wanamfunga kamba wanamsokomeza kitambaa mdomoni, jamaa anakufa. Kesi ya mauaji. Wao wanasema waliagizwa na luteni Kendrick wampe ile adhabu ya kimyakimya wanayoiita Code Red.

Sasa mwisho mkuu wa kambi, kanali Jessup, anabanwa kizimbani mpaka anakiri mwenyewe kwamba ndio, amri niliitoa mimi. Anakamatwa palepale. Mimi nikajua vijana wameshinda, kumbe wanaachiwa mauaji ila wanapatikana na hatia ya mwenendo usiomfaa mwanajeshi na wanafukuzwa kwa fedheha. Jeshini ukikataa amri unaozea mahabusu, ukitii unavuliwa gwanda, sasa askari wa chini afanyeje? Naomba majibu ya watu wanaoelewa jeshi, sio porojo.

Babu Kitenge:
Walishukuru Mungu mkuu. Mtu amekufa mikononi mwao na wanarudi kwa mama zao, hiyo ni hukumu nyepesi kabisa.

ex_kuruta:
Nimepita JKT kwa hiyo kidogo naelewa hiki kitu. Watu wa uraiani mnafikiri amri ni mtu anasimama mbele anapiga kelele "fanya hivi" mnajibu ndiyo afande. Amri nyingine haitamkwi. Kwenye kombania yetu kuna kijana alisinzia lindo, afande hakumgusa yule kijana hata kidogo, alitutoa wote usiku tukala doso la kugaragara kwenye matope mpaka meno yanagongana kwa baridi, yeye yule kijana kaambiwa asimame pembeni na koti lake atuangalie tu. Basi afande akaenda kulala. Unadhani kilichotokea bwenini baada ya hapo nani alikiagiza? Hakuna. Na ukienda kumuuliza afande angesema kwa moyo mweupe kabisa mimi sikumwambia mtu amguse.

Ndo maana sehemu ninayoipenda kuliko zote sio ile ya kanali kufoka, ni ile ya koplo Barnes. Mwendesha mashtaka anampa vitabu vya mafunzo anamwambia nionyeshe humu Code Red iko ukurasa gani, haipo. Kaffee, wakili wa wale vijana, anachukua kitabu hichohicho anamuuliza haya nionyeshe mesi iko wapi, nayo haimo. Sasa wewe miezi yote hiyo hujala? Amekula, alifuata wenzake tu muda wa chakula ulipofika. Pale nilisimama kwenye kochi. Jeshi lina sheria zilizoandikwa na lina zile unazokuta watu wanaziishi, na hizi za pili ndo zinaua.

Kwa hiyo mkuu mleta mada mimi niko upande wako nusu. Wale vijana walilelewa hivyo.

Wakili Msomi wa Mbezi:
Mleta mada unachanganya kesi mbili. Kosa la kutotii amri, hapa kwetu hata Marekani, ni la kutotii amri HALALI. Neno halali limewekwa pale makusudi. Kule kwao kanuni za mahakama ya kijeshi zinasema kutii amri ni utetezi, isipokuwa kama mshtakiwa alijua amri si halali, au mtu yeyote mwenye akili ya kawaida angejua si halali. Kwa hiyo swali la jopo, wale wanajeshi wanaoamua kesi, linakuwa je mtu wa kawaida anajua kumfunga mwenzako kamba usiku na kumziba mdomo ni kosa? Hapo ndo ugumu ulipo, maana wao waliamini wanampa adhabu tu, hawakujua atakufa. Ndio maana kwa mtazamo wangu kuachiwa mauaji na kula njama kunaeleweka.

Kesi halisi ya kupima hii ni My Lai, Vietnam, Machi 1968. Luteni William Calley alisimama mahakamani akasema nilikuwa natekeleza amri ya kapteni wangu Medina. Jopo lilikataa, mwaka 1971 akapatikana na hatia ya kuua wanakijiji 22, akapewa maisha, ila kiuhalisia alitumikia kama miaka mitatu na nusu tu na sehemu kubwa akiwa kifungo cha nyumbani. Medina naye alishtakiwa akaachiwa huru. Yaani kwa mauaji ya kijiji kizima aliyetiwa hatiani ni luteni mmoja, juu yake hakuna. Muvi imegeuza, imempata kanali, na ndio maana watu wanaipenda, kwenye maisha halisi ni nadra kamba kupanda juu namna ile.

Na siku hiyohiyo My Lai kulikuwa na rubani wa helikopta, Hugh Thompson, alitua katikati ya askari wenzake na wanakijiji akawaambia watu wake, hao askari wakiendelea kuua wafyatulieni risasi. Hakuwa na amri ya mtu yeyote. Alichukiwa sana aliporudi, medali ya maana akapewa 1998, miaka 30 baadaye.

Halafu kitu kidogo cha kuwakera wenye muvi yao. Kule Marekani kifungu cha 133 cha sheria ya kijeshi, kile cha mwenendo usiofaa, ni cha maofisa. Lansi koplo na praiveti hawawezi kushtakiwa nacho, wangeshtakiwa kwa kifungu cha jumla cha 134. Mwandishi alitaka hukumu yenye uchungu akachukua jina linalosikika vizuri, mi namsamehe.

Mombasa_Raha:
Wakili umeongea poa lakini hamtaki kumsikiza Jessup hata kidogo, kila mtu anamuona shetani. Maze yule mzee anasimamia kambi ambayo ng'ambo ya uzio kuna maadui na mabomu ya ardhini, anakula kiamsha kinywa karibu na bunduki za watu wanaotaka kumuua. Santiago aliruka ngazi zote za uongozi, hakwenda kwa sajini, hakwenda kwa luteni, akaandika barua nje. Ukiruhusu hiyo kila mtu ataandika. Jeshi nidhamu ikivunjika hakuna kitu kinabaki, nyinyi wenyewe huko Tanganyika mlijionea Januari 1964 askari wa kambi ya Colito walipowakamata maofisa wao, Nyerere akaishia kuita Waingereza wale wale aliotoka kuachana nao na jeshi lote likavunjwa likaanzwa upya. Kenya pia askari wa kambi ya Lanet wakaiga mwezi huohuo. Kwa hivyo mimi sitetei kuua, natetea kwamba kamanda lazima aogopwe.

Bi Zuhura:
Mombasa kaka yangu, kuogopwa gani huko? Hebu tumtazame huyo Jessup kama kiongozi tu, tuache sheria. Anaambiwa na msaidizi wake, luteni kanali Markinson, kwamba huyu kijana yuko hatarini tumhamishe. Ushauri mzuri, wa mtu mzima. Anafanya nini? Anamdhalilisha Markinson, anakataa uhamisho kwa jeuri tu kwamba mimi sihamishi mtu dhaifu ninamfundisha. Kijana akifa sasa ndo anaandaa karatasi za uhamisho za kughushi ionekane alikuwa anaondoka kesho yake saa 12 asubuhi, na daftari la ndege linachezewa ile ndege ya usiku ambayo angeweza kuondoka nayo isionekane. Huo ndo ukamanda? Mtu anayetetea uzio wa taifa anafuta daftari la ndege?

Na alikamatwa na majigambo yake mwenyewe. Kwanza anasema kizimbani vijana wangu wakiambiwa kitu wanatii, hakuna anayekiuka amri yangu, watu watakufa. Kisha anasema niliagiza Santiago asiguswe. Kisha anasema nilikuwa namhamisha kwa sababu alikuwa hatarini. Kaffee anamuuliza swali la mtoto mdogo: kama uliagiza asiguswe na amri zako hazikiukwi, hatari ilitoka wapi? Hapo hana pa kukimbilia, kuchagua ni ama jeshi lake halimtii, ama yeye ndiye aliyeamuru. Na kiburi hakimruhusu kuchagua la kwanza. Mimi nimekaa na mabosi wa namna hii ofisini, nawajua, wako radhi wafungwe kuliko kusema watu wao hawawaheshimu.

Ila mnayemsahau wote ni Markinson. Alijua kila kitu, alikuwa na cheo, alinyamaza. Akaja kusema kwa kujificha, kisha siku ya kutoa ushahidi ilipofika akavaa sare zake rasmi akajiua. Mimi simuonei huruma kama muvi inavyotaka. Angesema siku ile ile ofisini, kwa maandishi, kijana angekuwa hai.

ex_kuruta:
Bi Zuhura umenikumbusha habari ya Bell. Kuna praiveti mwingine, Curtis Bell, Kendrick alimfungia bwenini wiki nzima bila chakula kwa kuiba pombe. Dawson akawa anampelekea chakula usiku. Kendrick akagundua, na ripoti ya Dawson iliyofuata ikawa mbovu, cheo kikachelewa. Yaani Dawson alishawahi kukataa amri mbaya na akaonyeshwa matokeo yake. Mara ya pili alipoagizwa unategemea nini? Kendrick anaita kikosi anasema Santiago asiguswe, dakika chache baadaye anaingia chumbani kwa Dawson anasema lingine. Dawson alijua lipi la kutii kwa sababu alishafundishwa na ripoti.

mlinda_lango:
Hii ya Bell sikuwa nimeiunganisha na hukumu kabisa. Lakini inazidi kunipa hoja, huyu mtu alibanwa pande zote mbili. Na bado alikataa ofa ya miaka miwili, angekuwa nje ndani ya miezi sita, akasema hawezi kukiri kosa ambalo kwake si kosa.

Wakili Msomi wa Mbezi:
Dawson hapana mkuu. Aliyebanwa kweli ni Downey. Kumbukeni mwendesha mashtaka Ross alivyombomoa kizimbani: Kendrick alipoingia chumbani Downey hakuwepo, alichelewa kurudi kutoka kwenye lindo kwa sababu gari lilipata pancha. Yeye amri aliipata kwa Dawson. Kisheria hapo ule mlolongo wa kutoka kanali mpaka luteni mpaka koplo kwa Downey umeisha kwa mtu mmoja anayelala naye chumba kimoja. Na ukimtazama ni kijana asiyeelewa haraka, hata hukumu ikisomwa anamuuliza mwenzake tumefanya kosa gani, kanali si amekubali aliamuru?

Bi Zuhura:
Na anayemjibu ni Dawson, sio wakili. Anamwambia walitakiwa kumpigania Santiago, yule asiyeweza kujipigania. Kwa hiyo mleta mada mshtakiwa wako mwenyewe ameikubali hukumu unayoikataa wewe. Mimi ningekuwa kwenye lile jopo Downey ningemuachia yote arudi kazini, Dawson ningempa ileile aliyopewa, na Kendrick ningemtaka kizimbani wiki inayofuata.

Mombasa_Raha:
Kendrick hapo nakubali. Muvi iliisha mapema.