Naimba kwaya kila Jumapili lakini ndani nimekauka

BintiLikoni:
Shalom wapendwa. Hii kitu nimeibeba tangu Januari. Mimi niko kwaya, nafundisha sandeskuli, Ijumaa kuna kesha, na kazi iko mjini kwa hivyo kila siku navuka feri saa kumi na moja na nusu alfajiri narudi usiku. Zamani nikifungua Biblia machozi yanatoka yenyewe, saa hii nasoma sura nzima nikifunga sikumbuki hata mstari. Jumapili tunaimba watu wamenyoosha mikono, mimi nawaza kama nimeanua nguo. Mungu ameniacha ama mimi ndio nimemuacha? Na tafadhali msiniambie niombe zaidi, hilo nimeshaambiwa.

MamaTudor:
Pole mwanangu. Soma 1 Wafalme 19, polepole. Nabii Eliya ametoka juzi tu mlima Karmeli, moto umeshuka kutoka mbinguni watu wote wakiona, halafu huyo yuko chini ya mti wa mretemu huko jangwani anaomba afe. Malaika hakumkemea, alimgusa tu akamwambia inuka ule, na mkate uko hapo umeokwa juu ya makaa na maji kichwani pake, akala akalala TENA, akaamshwa akala mara ya pili, ndio akapata nguvu ya kutembea siku 40 mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Maswali Mungu alimuuliza huko mbele, baada ya kulishwa. Mie nilipofiwa na mzee wangu niliacha kwaya miezi mitatu, nikawa nakaa viti vya nyuma nasikiliza kama mgeni, watu wakasema nimepoa lakini hapo ndipo nilipopona. Ongea na mwalimu wa kwaya.

KakaBamburi:
Kweli kabisa mama. Dadangu naongeza Zaburi 42, hiyo ni ya wana wa Kora, waimbaji wa hekaluni, yaani wanakwaya wenzako! Mwimbaji anakumbuka alivyokuwa akiongozana na watu kwenda nyumbani kwa Mungu kwa nyimbo, na sasa anauliza nafsi yake mbona imeinama. Usisome yote, chukua mstari mmoja ukae nao wiki nzima.

BintiLikoni:
Mama nimelia, asante. Mwalimu wa kwaya nampigia leo jioni. Kaka, alfajiri nilisimama kwa feri pale kwenye vyuma nikasoma ule mstari wa 7, mawimbi yako yote yamepita juu yangu, nikaurudia na kuurudia mpaka tumefika ng'ambo watu wananipita kushuka, mimi bado niko pale pale na huo mmoja.