MREJESHO: Mama mzee na joto la Dar

Wakuu, niliomba ushauri juu ya mama yangu mwenye presha: hataki maji, na usiku halali kwa joto la nyumba ya bati isiyo na dari. Asanteni sana, hali ni nzuri.

Maji kwanza. Mzee hasikii kiu kama kijana, kwa hiyo kumuuliza "unataka maji?" hakusaidii. Anapewa nusu glasi kila saa hadi magharibi, kisha kidogo kidogo, maana alikuwa anakwepa safari za chooni usiku. Uji mwepesi na tikiti maji navyo vinahesabika. Madafu tumepunguza: yana potasiamu nyingi, na baadhi ya dawa za presha huifanya ibaki mwilini. Kidonge cha kukojoza daktari amekihamishia asubuhi, msibadilishe wenyewe.

Feni jioni inakaa dirishani ikielekea nje, itoe joto lililojikusanya chini ya bati, na dirisha la upande wa pili linaachwa wazi. Akilala ndipo inageuzwa ndani. Shuka lililoloweshwa halikufaa, kwa unyevu wa hapa halikauki, linabaki zito na vuguvugu. Kitambaa kibichi shingoni na mikononi, mbele ya feni, ndicho kinachompoza.

Mzee akianza kuongea ovyo ghafla na mwili unawaka, mmwagieni maji, mpepeeni, na gari liitwe hapohapo. Asinyweshwe kitu kama hajitambui.