Masega mapya miezi minne tu, taa imewaka tena

Mwulizaji:
Wakuu, habari. Gari langu ni la petroli. Taa ya injini iliwaka, mashine ikasoma P0420, yaani masega (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi) hayafanyi kazi vizuri, nikanunua mapya. Miezi minne baadaye msimbo uleule umerudi, na kwenye mlima gari halivuti, kama limeshikwa kwa nyuma. Fundi anataka tuyatoe tuweke bomba tupu. Mimi sitaki kuwavutisha watu moshi mchafu. Nifanyeje?

Jibu la 1:
Yatoe tu mkuu, gari litapumua.

Jibu la 2:
Mkuu, usiyatoe. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na kazi ya masega ni kuigeuza kabla haijatoka.

Masega hayafi yenyewe, injini ndiyo inayoyaua. Gari langu lilikuwa na koili mbovu (inayoipa plagi umeme wa kuwasha petroli) kwenye silinda ya tatu. Nikaliendesha wiki mbili huku taa inawaka na kuzima, nikidhani ni nyaya. Kumbe taa ikiwaka-waka vile injini inamisi, yaani silinda inakosa kuwasha: petroli ambayo haikuungua inakwenda kuungulia ndani ya masega, joto linapanda mpaka kauri ya ndani yenye matundu inayeyuka. Tulipoyafungua masega, matundu ya mbele yalikuwa yameshikana kama nta iliyomwagika. Ya nyuma bado miraba safi kabisa! Roho iliniuma, maana koili ni kitu cha kubadilisha kwa dakika kumi.

Sasa niambie: asubuhi injini inatetemeka? Oili inapungua?

Mwulizaji:
Kutetemeka hapana. Oili naongeza karibu nusu lita kila wiki tatu. Haivuji chini.

Jibu la 2:
Basi inaungua, mkuu. Oili ina fosforasi na zinki, na majivu yake yanafunika platinamu na paladi zilizopakwa kwenye matundu, gesi haizigusi tena. Ukifunga mengine leo yatakufa vilevile.

Fungua plagi zote, zipange kwa namba za silinda. Yenye masizi meusi yenye mafuta-mafuta ndiyo silinda ya kuanzia. Pimeni na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Angalia na maji ya rejeta, yakipungua bila kuvuja huenda gasketi ya hedi (inayoziba juu ya silinda) inayapitisha ndani, nayo huharibu masega.

Tuletee picha za plagi hapa.

Mwulizaji:
Plagi ya kwanza na ya nne zimelowa oili. Kesho tunapima kompresheni, nitaleta majibu.