Tyubu nne ndani ya wiki tano, na kila mtu ananiambia "umekanyaga mwiba"!

Wakuu, leo naandika kwa hasira, mtanisamehe.

Nina baiskeli ya mbio, tairi za 700 kwa 23 (hiyo 23 ni upana kwa milimita), zile nyembamba kama mkanda. Kila Jumamosi alfajiri natoka Mwenge naenda hadi Bunju na kurudi. Ndani ya wiki tano nimeua tyubu nne, zote za nyuma. Nikienda dukani jibu ni lilelile: "Mkuu, umekanyaga mwiba, chukua nyingine." Nachukua, nalipa. Wiki ijayo tena. Kama zuzu.

Ya nne nikagoma kuitupa stoo kama zile nyingine. Nikaijaza upepo, nikaizamisha kwenye beseni la kufulia la mama watoto (alivyoniwakia tuyaache). Mapovu yakatoka sehemu mbili. Vipasuo viwili vidogo, vimekaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Nikazitoa stoo zile tatu za mwanzo, nazo vilevile. Sasa niambieni, ni mwiba gani huo wenye meno mawili, unaonisubiri mimi tu kila Jumamosi? Na tairi lenyewe kwa nje halina hata mkwaruzo!

Huo si mwiba, ni tyubu kubanwa. Ukigonga ukingo wa shimo au tuta huku upepo ni mdogo, tairi linabonyea mpaka ringi inalifikia, na tyubu inabaki katikati kama kidole kilichobanwa mlangoni. Kingo za ringi ni mbili, basi na matobo mawili. Na ni nyuma kwa sababu uzito mwingi wa mwendeshaji uko huko. Nina kilo 86, sifichi.

Kinachoniuma ni upepo. Fundi wangu anapima kwa dole gumba! Anabonyeza, anatingisha kichwa, "iko poa, twende." Tairi jembamba hivi hata likiwa na nusu ya upepo wake dole gumba litaliona jiwe. Nikaazima pampu ya kusimama yenye geji: 45 PSI (kipimo cha msukumo wa upepo). Ubavuni mwa tairi pameandikwa mwisho 120. Nikamrudia, akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Braza, 45 nyingi sana hiyo, gari lenyewe linatembea na 32." Jamani! Tairi la gari lina tumbo kubwa, hili langu ni mrija. Mbona hata kusoma ubavuni ni shida?

Kosa langu nalo nalikiri. Nilikuwa najaza upepo mara moja kwa mwezi nikijua nimemaliza. Kumbe tyubu hizi zinapoteza upepo taratibu hata bila tobo, na kwa kuwa zinabeba kidogo, siku chache tu zinakuwa zimeshalegea. Siku hizi napima kila nikitoka: nyuma 110, mbele 100. Kwenye matuta nainua makalio, nakunja viwiko, naiacha baiskeli ipite chini yangu. Jumamosi tatu sasa, sijapata pancha hata moja.

Halafu kuna mafundi wanaorudisha tairi kwa bisibisi. Wanaibana tyubu na ringi palepale kijiweni, unaondoka hatua kumi, pssss, na lawama ni za miiba tena. Itieni tyubu upepo kidogo kwanza ikae umbo lake, malizieni kwa viganja, zungukeni tairi lote mkiangalia kama kuna mahali inachungulia. Dakika mbili tu hizo, na hela yangu mnachukua nzima.

Na wale wa "weka tairi lisilo na tyubu," asanteni, ringi zangu hazikubali.

Ninachotaka ni tairi za 28. Nafasi kwenye breki ipo, nimepima. Zikiwa pana hivyo naweza kushusha upepo hadi kwenye 85 na mgongo ukapumua, bila tyubu kubanwa. Mwenye nazo hapa Dar, pamoja na tyubu zake za mdomo mwembamba, ule wenye kinati juu, aweke bei hapahapa hadharani. "Njoo inboksi" sitaki.